Tupeane uzoefu: zawadi za asili za Kijapani zisizoumiza mfuko

Mwanzisha uzi (Tsukuba)

Wakuu, habari za wakati huu. Nimemaliza masomo na mwezi ujao narudi Dar. Mabegi ni mawili ya kilo 23 kila moja, na nyumbani kila mtu keshajua tarehe ya ndege. Kwetu msafiri harudi mikono mitupu. Ila pesa ni ya mwanafunzi: nimejiwekea yen 1,000 kwa kila mtu, ikizidi sana 1,500.

Sitaki fulana zilizoandikwa Tokyo wala vishikio vya funguo vyenye picha ya Mlima Fuji ambavyo ukigeuza nyuma unakuta vimetengenezwa nchi nyingine. Nataka vitu ambavyo Wajapani wenyewe wanavitumia tangu zamani, na ambavyo mama, shangazi na wadogo zangu watavitumia, siyo vya kupanga kabatini.

Naanza na nilichokwisha kununua: tenugui. Ni kitambaa cha pamba, urefu kama sentimita 90 na upana 35. Wajapani hufutia mikono, hujifunga kichwani wakiwa kazini, huvingirishia chupa, na wengine huweka fremu wakatundika ukutani. Tafuta zilizotiwa rangi kwa mtindo wa chusen, ambapo rangi humiminwa ikapenya nyuzi mpaka upande wa pili, kwa hiyo kitambaa hakina ndani wala nje. Ukigeuza ukaona nyuma pamepauka, hiyo imechapwa upande mmoja tu. Nzuri zinaanzia kama yen 1,000. Ncha zake hazipindwi, hukatwa tu ili zikauke upesi. Zitachambuka kidogo kwenye kufua kwa mwanzo halafu zitatulia. Mwambie mpokeaji mapema asidhani ni kitambaa kilichoharibika.

Waliotangulia, tupeane uzoefu. Mlileta nini, kikapokelewaje?

Mdau wa 2 (Kyoto)

Mkuu, kama unaweza kupita Kyoto, panga safari iangukie tarehe 21. Kila mwezi siku hiyo kuna mnada mkubwa kwenye uwanja wa hekalu la Toji, wenyeji wanauita Kobo-san. Tarehe 25 kuna mwingine Kitano Tenmangu. Humo ndimo utakuta kimono za mtumba, vikombe vya zamani, masanduku ya mbao, vitu vilivyotoka kwenye nyumba za watu.

Mimi hununua obi, ule mkanda mpana wa kufungia kimono. Usidhani ni mkanda kama wa suruali. Obi nyingi zina upana wa sentimita 30 hivi na urefu unaofika mita 4, zimefumwa kwa nyuzi za hariri na wakati mwingine nyuzi za dhahabu. Mpya inaweza kuwa na bei ya pikipiki. Ya mtumba, kwenye yale mafungu wanayorundika chini, nimezipata kwa yen 500 hadi 1,000, kwa sababu vijana wa hapa hawavai kimono kila siku na makabati ya bibi zao yamejaa.

Moja nilimpelekea dada yangu Moshi. Fundi wake wa cherehani akaikata, akatoa pochi tatu za kushika harusini na bado kikabaki kipande cha kutandika kwenye meza ya sebuleni. Shemeji akampelekea mama yake pochi moja. Kitu cha yen 800 kikawafikia watu watatu. Mpaka leo sijaona zawadi ya kutoka huku iliyofanya kazi namna hiyo.

Nenda asubuhi na mapema, beba sarafu na noti ndogo, na kunjua obi yote uikague. Madoa hukaa katikati, pale ilipokuwa inafungwa.

Mdau wa 3 (Nagoya)

Msiyadharau maduka ya yen 100. Daiso, Seria, Can Do, ukiweka kodi unalipa yen 110. Vitu vingi vinatoka nje, kweli, lakini tafuta maandishi haya: 日本製. Maana yake kimetengenezwa Japani. Kwenye vyombo vya udongo utayaona mara nyingi, kwa sababu mkoa wa Gifu, upande wa Tajimi na Toki, ndiko kwenye viwanda vya Mino-yaki, vinavyotoa karibu nusu ya vyombo vya udongo vya nchi nzima. Bakuli unalolipia yen 110 linaweza kuwa limetoka eneo lile lile la bakuli la 3,000.

Mdau wa 4 (Mombasa)

Mimi nilikuwa Yokohama kwa mafunzo ya miezi kadhaa, na nilirudi na furoshiki tupu tupu. Hiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitu. Mdogo ni sentimita 50 hivi, wa kati 70, na mkubwa unapita mita moja. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Mama yangu alikishika, akakikunja pembe kwa pembe, akafunga fundo, akatia ndani mahamri ya kupeleka kwa jirani. Ni leso iliyozaliwa mbali.

Kuna jambo la Mkenya hapa ambalo huwa naliambatanisha na zawadi. Profesa Wangari Maathai alipokwenda Japani mwaka 2005 alilipenda sana wazo lao la mottainai, kwamba kupoteza kitu kinachofaa ni kukikosea heshima, akalihubiri duniani kote. Mwaka uliofuata waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, akatoa furoshiki iliyopewa jina hilo hilo, imefumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa, ili watu waache mifuko ya plastiki. Nikimpa mtu furoshiki namsimulia hayo, na anaipokea kwa namna nyingine kabisa.

Za poliesta zinapatikana kwa bei ya chini sana, na hazikunjamani. Za pamba ni kati ya yen 1,000 na 2,000. Za hariri waachie wenye uwezo. Mimi nasema chukua pamba ya sentimita 70, kwa sababu inafunga kisanduku cha chakula, inatosha shingoni, na ukitandika mezani inaonekana.

Mdau wa 5 (Unguja)

Dada wa Mombasa umenikumbusha mbali. Miaka ya 1950 na 1960 khanga nyingi zilizouzwa huku pwani zilichapwa Japani. Marehemu bibi alikuwa nazo na alizisifu kwa rangi kutochuja. Kwa hiyo kitambaa kutoka Japani kwetu si kigeni.

Nami naomba niseme jambo kwa wenye familia za Kiislamu, na hata Wakristo walioshika dini barabara. Mahekaluni wanauza omamori, vifuko vidogo vya kitambaa vyenye kamba, vizuri mno kwa macho, yen 500 hadi 1,000. Kile ni hirizi. Ndani mna maandishi ya dua kutoka hekaluni, na kwa desturi yao hakifunguliwi, na baada ya mwaka hurudishwa kikachomwe. Usimpe mtu asiyejua ni nini. Mjomba wangu aliletewa na mgeni, akakiweka kwenye kioo cha gari kama pambo, na alipokuja kuelezwa hakufurahi. Na daruma ni hivyo hivyo, lile sanamu la duara jekundu lisilo na macho. Ni la kuombea nadhiri: unachora jicho moja ukiweka nia, la pili ikitimia. Mtu mwingine litampendeza, lakini mjue kwanza huyo unayempelekea.

Chakula nacho soma nyuma ya pakiti. Herufi za kukariri ni hizi: 豚 nguruwe, ラード mafuta ya nguruwe, ゼラチン jelatini, 酒 na 洋酒 pombe. Biskuti nyingi za kupendeza zina kimojawapo. Mimi hubeba yokan, kitamu cha maharage mekundu ya azuki na sukari, kinachogandishwa kwa kanten, ambayo hutokana na mwani. Ile iliyofungwa vizuri hukaa miezi mingi bila friji. Watu wa Unguja wanaolima mwani wamefurahi sana kusikia kuna mwani wa aina nyingine unaoishia kwenye kitu kama hicho. Nyingine ni wasanbon, sukari laini ya Kagawa na Tokushima inayoshindiliwa kwenye vibao vya umbo la maua. Hiyo ni sukari, basi. Mzee akiiweka ulimini na kahawa chungu ya baraza, inayeyuka yenyewe.

Mdau wa 6 (Arusha)

Vijiti vya kulia je? Naona kila anayerudi analeta, na kila nyumba vimelala kwenye droo. Mimi siviungi mkono.

Mdau wa 7 (Kisumu)

Ndugu wa Arusha, inategemea vimetoka wapi na anapewa nani. Kuna mji mdogo wa pwani mkoani Fukui unaitwa Obama. Ndiyo, Obama. Mwaka 2008 watu wake walimshangilia Barack Obama kwa ajili ya jina tu. Na mji huo ndio kitovu cha vijiti vya Kijapani vilivyopakwa urushi, utomvu wa mti unaokauka ukawa mgumu na wenye kung'aa. Mtindo wao, Wakasa-nuri, huchomeka vipande vya makombe ya baharini na maganda ya mayai chini ya tabaka za utomvu, kisha husuguliwa mpaka vinachomoza kama nyota. Nilimpelekea mzee mmoja wa Siaya jozi moja. Hali kwa vijiti na hatakula. Vimo kwenye kisanduku chake sebuleni na kila mgeni husimuliwa. Vya urushi halisi vina bei, lakini vya rangi ya kawaida kutoka mji huo huo unapata kwa yen 1,000 hivi.

Mdau wa 6 (Arusha)

Hapo nimekuelewa, kaka. Kwa mzee wa Siaya sawa. Kwa wadogo zangu bado nasema hapana.

Mwanzisha uzi

Ahsanteni sana, mnanifungua macho. Mama yangu anauza vitumbua na chai asubuhi. Nataka kitu cha jikoni kitakachomfaa kazini kwake, siyo pambo.

Mdau wa 8 (Tokyo)

Mkuu, kwa mama usiende Asakusa kwenye vile vibanda vya watalii. Tembea kama dakika kumi kutoka hapo ufike Kappabashi, mtaa wanakonunua wenye migahawa. Mchukulie hivi.

Saibashi: vijiti virefu vya kupikia, vya mianzi, sentimita 30 na zaidi. Wajapani hugeuzia tempura kwenye mafuta ya moto. Mama atageuzia vitumbua na mkono utakaa mbali na moto. Bei ni ya soda.

Kikwaruzio cha tangawizi cha udongo, kina meno katikati na mfereji pembeni. Nyuzi za tangawizi hubaki kwenye meno, maji hukusanyika kwenye mfereji. Kwa mtu wa chai ya tangawizi hiki ni chombo cha kila siku.

Kama kilo zinaruhusu, suribachi. Ni bakuli la udongo ambalo ndani halikupakwa ile rangi ya kung'aa bali limechanwa mistari, na lina mchi wake wa mbao. Linasaga karanga, iliki, bizari nzima, kwa kuzungusha tu bila kutwanga. La kipenyo cha sentimita 15 latosha. Livingirishe kwenye tenugui zako, zikulindie chombo na zenyewe ni zawadi.

Na uchiwa, kipepeo cha mianzi na karatasi. Marugame, mkoani Kagawa, ndiko vinakotengenezwa vingi. Wachoma samaki wa hapa hupepea mkaa kwa kile kilichopakwa maji ya tunda la kaki, ambayo huipa karatasi ugumu na kuikinga na unyevu. Mpelekee mama hicho, awe nacho jikoni, na umeme ukikatika usiku ajipepee nacho.

Visu sijavitaja kwa sababu ni vizuri na ni ghali, na lazima viende kwenye begi la chini ya ndege. Ukitaka chuma cha Seki, mji unaosifika kwa visu, kwa bei ndogo, chukua kikata kucha. Baba hatakitoa mfukoni.

Mdau wa 9 (Dodoma)

Nyongeza ya vikombe. Seti za Wajapani huwa za vitano, kwa sababu nne kwao inasikika kama kifo. Sisi nyumbani tunapenda sita. Nunua vya kuokota kimoja kimoja, vyenye maua tofauti ya ukoo mmoja. Vinapendeza zaidi na kikivunjika kimoja seti haijaharibika.

Mdau wa 10 (Hiroshima)

Watoto ndio wanaosahaulika halafu ndio wengi. Kamifusen: puto la karatasi nyembamba ya rangi rangi, linakuja likiwa bapa kama bahasha, halina uzito wowote. Unalipuliza, unalipiga kwa kiganja, na tundu halizibwi. Kadiri unavyolipiga ndivyo linavyojaa upepo tena. Nilibeba rundo zima kwenye mfuko wa kompyuta. Watoto wa mtaa mzima walicheza mpaka jua linazama.

Karatasi za origami nazo, hasa zenye michoro ya asili ya mawimbi na majani ya asa, mmea wa nyuzi (hemp). Kuna na vile vichezeo vya kuzunguka viitwavyo pia, vya mbao, kwa Kijapani koma, vinavyozungushwa kwa kamba. Babu zetu waliocheza pia watawafundisha wajukuu bila kusoma maelekezo.

Mwanzisha uzi

Na kodi? Nasikia mgeni halipi.

Mdau wa 3 (Nagoya)

Ni kwa wageni wa muda mfupi walio na pasipoti, duka liwe lenye kibali na ununue kuanzia yen 5,000 kabla ya kodi. Wewe mwanafunzi uliyekaa zaidi ya miezi sita hauhesabiki mgeni. Kwa watakaokuja kutembea: kuanzia Novemba 1, 2026 utaratibu unabadilika, utalipa kodi dukani kwanza na kurudishiwa wakati wa kuondoka, baada ya kupita kwa watu wa forodha. Kwa hiyo usifike uwanjani dakika za mwisho.

Mdau wa 11 (Bujumbura)

Nami napita Osaka siku moja tu, Kyoto sifiki na Tokyo sifiki. Nifanyeje?

Mdau wa 2 (Kyoto)

Nenda Namba, uliza Doguyasuji. Ni mtaa mfupi wenye paa, vyombo vya jikoni mwanzo mwisho, kama Kappabashi ila mdogo. Tenugui na furoshiki zitafute maduka makubwa ya hapo hapo Namba, ghorofa ya vitambaa. Na kwa chai usichukue matcha, ule unga wa chai ya kijani, bei imepanda na nyumbani wengi wataiona chungu. Chukua hojicha, chai ya kukaangwa, rangi ya kahawia, inanukia kama karanga zikitoka motoni. Waliozoea chai yetu ya rangi hawasumbuki nayo.