Tenti za wafalme kwa vitabu vya zamani: kamba zilienda wapi?

fundi_turubai_ksm

Habari wadau. Mimi nashona tenti hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, zaidi ni za matanga na harusi. Sasa juzi mwalimu wa drama kutoka upande wa Kakamega amenijia na picha ameprinti, ati nimshonee tenti ya mfalme kama hiyo wakatumie kwa mchezo wao wa shule. Picha ni za vile vitabu vya Ulaya vya kuandikwa na mkono, miaka ya 1200 mpaka 1400 na kitu. Enyewe ni tenti safi sana, mistari nyekundu na buluu, juu kabisa kuna kitufe cha dhahabu, pale paa inakutana na ukuta kuna ile zigzagi inaning'inia, mlango umefungwa pembeni kama pazia la sebule na mfalme ameketi ndani ananyooshea mtu kidole.

Shida ni hii. Nimekaa na hizo picha siku mbili, ziko tisa, na kwa hizo tisa kamba nimeiona kwa mbili peke yake. Zingine zimesimama tu hivyo, nguzo moja katikati (na saa zingine ata hiyo nguzo huioni), ukuta umenyooka mpaka chini, hakuna kigingi hakuna nini. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na moja na nawaambia tenti ya hivyo haisimami. Ukiweka nguzo moja katikati bila kuvuta mabega (pale paa inakutana na ukuta) kitambaa kinarudi ndani kinajikunja kwa nguzo kama sketi ya mtu amenyeshewa. Na hapa kwetu ikifika saa tisa upepo wa ziwa uanze, ata tenti ya chuma yenye pegi kumi na sita unaisikia ikihema. Desemba niliona moja ikinyanyuka kwa matanga huko Siaya ikaenda na viti viwili, kisa kijana alipata ardhi ngumu akapiga pegi nusu akasema itashika.

Sasa hao watu walikuwa na ujanja gani, ama mchoraji ndio alikuwa anatuchezea? Na mbona mfalme akisimama kichwa kinatoboa paa? Mwalimu amesisitiza anataka vile iko kwa picha, kamba zisionekane.

mulembe_tu

Walikuwa wanatumia maombi badala ya pegi 😂

mwalimu_wa_flamingo

Fundi salamu kutoka Nakuru, nafundisha historia na hii swali yako nimeipenda kwa sababu wanafunzi wangu hawajawahi kuuliza, wao huangalia mapanga tu.

Mchoraji hakuwa anadanganya, alikuwa anapunguza. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Picha nyingi za hivyo vitabu hazizidi kiganja, na hapo ndani anataka kuingiza mfalme, askari, farasi wanne na mjumbe amepiga magoti. Akianza kuchora kamba zote zitapita kwa nyuso za watu na miguu ya farasi, picha inakuwa kama nguo zimeanikwa. Kwa hivyo anabaki na vitu viwili, paa ndio ujue hapa ni hema, na mlango wazi ndio ujue nani yuko ndani. Hiyo ya kichwa kupita paa ni maneno hayo hayo, mtu ndiye hadithi, hema amevalishwa tu kama kofia.

Tafuta ile Biblia ya picha iliyotengenezwa Paris karibu miaka ya 1240, siku hizi karibu yote iko maktaba ya Morgan huko New York, kurasa chache ziko Paris na Los Angeles. Hadithi ni za kina Sauli na Daudi lakini kila mtu amevaa deraya ya Mfaransa na hema ni za Kifaransa. Kitabu chenyewe kilianza bila maandishi, picha tupu, Kilatini kikaongezwa baadaye, halafu mwaka wa 1608 kikapelekwa Uajemi kama zawadi kwa mfalme wa huko, Shah Abbas na huko nao wakaandika maelezo yao pembeni kwa Kiajemi. Yaani kila mtu aliyekishika aliongeza lake. Point yangu ni kwamba mchoraji hakuwahi kuona hema ya Daudi, alichora ile aliyoijua ya vita vya siku zake, ndio maana watu wanaosoma nguo na silaha za zamani wanakitegemea sana.

Na usidhani hawakujua kigingi. Unamkumbuka Yaeli, Waamuzi sura ya 4, yule mama aliyemkaribisha Sisera kwa hema akampa maziwa, jamaa akalala, akampigilia kigingi cha hema kwa kichwa? Kuna vitabu vya karne ya 14 na 15 vinaitwa Speculum Humanae Salvationis, yaani Kioo cha Wokovu wa Binadamu, Yaeli ni mmoja wa watu wa kawaida humo, na anachorwa na nyundo yake na kigingi. Hapo hadithi haiendi bila kigingi kwa hivyo hakuna mchoraji anakisahau. Ya mfalme haikihitaji, kikaachwa.

chuma_na_uzi

Mwalimu umeongea poa lakini fundi ana kazi ya kupeleka. Omera mimi pia ni wa tenti, niko Nakuru, na hiyo design nimeshafanya kwa mteja wa harusi aliyetaka kitu ya "kifalme". Siri ni pete. Weka pete ya duara pale mabegani, pale pale zigzagi inashonewa, halafu kutoka kwa nguzo toa vijiti viende kwa pete kama mwavuli. Pete inasukuma kitambaa nje, ukuta unaning'inia kutoka hapo wima, na zigzagi inaficha pete. Ndio nashuku hiyo zigzagi haikuwa urembo peke yake.

Kwa stage ya shule huwezi piga pegi kwa simiti, kwa hivyo nguzo iweke ndani ya rimu ya gari uliyojaza zege, vile tunafanya kwa tenti za parking. Rimu ifunike na zulia.

Hesabu: duara ya mita 3 kwa upana, pete inakuwa mita 9 na nusu hivi. Paa ikiwa na kimo cha mita 1.5 kutoka pete mpaka kileleni, mteremko unatoka mita 2.1 na kitu. Kata pembe tatu 12, kila moja chini iwe sentimita 79 plus ya kushonea. Usikate zote zikiangalia juu utamaliza kitambaa bure, geuza moja juu moja chini. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kila kipande cha mita 2.2 kinakupa pembe mbili, so paa ni kama mita 13, ukuta wa mita 2 ni vipande saba, mita 14. Nunua 28. Usitumie PVC, chini ya taa za stage itang'aa kama tenti ya siasa. Chukua amerikani, mistari upake na brashi.

nyar_kisumo

@chuma_na_uzi pete itasaidia kwa stage, hapo sibishani. Lakini usiambie watu ndio ilikuwa siri ya zamani. Wale wanaoigiza vita vya kale huko Ulaya wamegombana juu ya hiyo pete miaka mingi, kuna kambi ya pete na kuna kambi ya kamba, na hawaelewani kwa sababu tenti zenyewe za wakati huo karibu zote zilioza. Turubai si jiwe. Zile nzuri za zamani ambazo bado ziko, nyingi ni za baadaye, kama hema za Waturuki zilizotekwa Vienna mwaka wa 1683, zingine ziko Kraków mpaka leo.

Mimi niko kambi ya kamba. Toka kwa hivyo vitabu vya 1200 uende karne ya 15 upande wa Bruges, Ubelgiji ya leo, kuna nakala ya historia ya Froissart, mwandishi wa habari za vita, iliyotengenezewa bwana mmoja tajiri anaitwa Louis wa Gruuthuse miaka ya 1470, sasa iko Paris. Wachoraji wa wakati huo walikuwa wameshaanza kupenda kuonyesha umbali, nyasi, matope, moshi, na kwa picha nyingi za aina hiyo kamba zinarudi, nyembamba kama unywele. Tenti hazikubadilika sana hapo kati, macho ya wachoraji ndio yalibadilika.

Pia waulize walioandika. Clavijo alitumwa na mfalme wa Castile (Uhispania ya leo) kwa Timur, yule mtawala mshindi wa vita wa Asia ya Kati, akafika Samarkand 1404, akaeleza banda la Timur lilivyokuwa kubwa mpaka ukiwa mbali unadhani ni ngome, na nguzo na kamba zote akazitaja. Mtu wa kalamu hana shida ya nafasi, kamba haimzibii mtu uso.

Na fundi, tenti za zamani hazikuwa za duara peke yake. Norway walichimbua meli ya Oseberg mwaka wa 1904, ilikuwa imezikwa 834, na kati ya vitu vilivyotoka ni mbao za fremu ya hema, ncha zimechongwa vichwa vya wanyama. Hiyo ikishasimama kwa mbao zake haikuombi kamba nyingi.

bondeni_boy

Mmeenda Ulaya mkarudi lakini mmepita Baghdad bila salamu. Kuna nakala ya Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha hadithi za Kiarabu, aliyeandika na kuchora ni Yahya al-Wasiti, ikaisha 1237, picha 99, iko Paris. Humo kuna msafara umepumzika, ngamia, watu na hema zao. Ni karibu miaka ile ile ya hiyo Biblia ya mwalimu. Na hilo neno hema lenyewe tulilitoa kwa Waarabu, khaima, kwa hivyo mpeni mwenye neno nafasi aongee.

Na kwa mfalme Alfonso wa Castile kuna kitabu cha michezo cha 1283, ndani Mwislamu na Mkristo wamekaa ndani ya hema wanacheza chesi. Mwalimu wa drama akitaka scene ya amani hiyo ndio hiyo.

mulembe_tu

chesi ndani ya tenti na kule nje watu wanangoja vita. hao ni kama wazee wa ajua (bao) kwa matanga

fundi_turubai_ksm

Asanteni sana, sikujua tenti inaweza kuleta maneno hivi.

Niliporudi kwa zile picha nimeona kitu nilikuwa nimeruka. Kuna moja haina kamba hata moja, lakini angalia pale bega: mshono umenyooka kati ya pointi na pointi, halafu kwa kila pointi kitambaa kimechomoka kidogo nje, kama mtu ameshika na vidole viwili anavuta. Mikunjo inaanzia hapo inateremka. Hiyo mimi naijua, hiyo ni alama ya kamba ikivuta. Kama ingekuwa pete bega lingekuwa laini mviringo mzima. Mchoraji alitoa kamba akasahau kutoa mvuto wake. Kwa hivyo @nyar_kisumo kwa hiyo picha moja niko na wewe, zile zingine sita zisizo na kamba bado sijaamua, kuna mbili mabega yake ni laini kabisa na @chuma_na_uzi anaweza kuzichukua.

Ya shule nimefanya ya pete. Nilitumia ile paipu nyeusi ya maji kwa sababu inakunjika, kuunganisha ncha nikaingiza kipande cha mti ndani nikafunga na waya. Jaribio la kwanza ilikataa, pete ikalala upande mmoja kama kofia ya mlevi kwa sababu vijiti vinne havikutosha, nikaongeza vikawa vinane ikakaa. Rimu nilipata ya probox. Mistari nimepaka nyekundu na buluu, na @chuma_na_uzi ulisema mita 28, mimi nimetumia 26 kwa sababu ya mlango.

Mwalimu alikuja jana na vijana wawili wa kuigiza, yule wa mfalme ni mrefu kweli kweli, akaingia akasimama na kichwa kikagonga vijiti. Mwalimu akacheka akasema sasa ndio imefanana na picha.

Kimebaki kile kitufe cha juu. Nimefikiria mpira wa watoto nipake rangi ya dhahabu lakini rangi inabanduka. Kuna mwenye amewahi kupaka mpira ikashika?

chuma_na_uzi

Usitumie mpira. Tafuta kibuyu kidogo, pale Kibuye hukosi, kipige msasa kwanza. Na shimo la nguzo utakuwa umeshapata bure.