Tupeane uzoefu: mikwaruzo ya waya kwenye maiki za kifuani

Kamera ya Malindi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Narikodi harusi hapa mjini, na kuna jambo limenikaa rohoni. Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye nikahi, msikitini, baada ya Isha. Maiki ndogo nimembana bwana harusi ndani ya joho, transmita, kile kidude kinachorusha sauti kwa mawimbi, ipo mfuko wa kanzu, nimeijaribu kabla, sauti safi. Khutba ikapita vizuri. Ukafika wakati wa kuozesha: walii akanyoosha mkono, bwana harusi akanyoosha wake wakashikana, na pale pale, krr, krr, krr. "Nimekubali" yenyewe haisikiki. Ndilo neno ambalo wazee wake watalitafuta kila wakiifungua ile video.

Jana nimenunua maiki nyengine. Nimeijaribu nyumbani, mikwaruzo ile ile. Aliyepitia haya naomba aeleze alivyoyatatua, na kwa kirefu.

Mwana wa Makunduchi
Wa alaykum salaam, pole sana kaka. Yangu ilikuwa nguo. Kanzu iliyotiwa wanga ikapigwa pasi hulia kama karatasi, na maiki iliyobanwa ndani yake husikia kila pumzi. Waya nao hupitisha mtikiso. Mnaikumbuka simu ya makopo mawili na uzi tuliyochezea utotoni? Ndo hivyo hivyo: waya ukisuguka kiunoni, mlio hupanda mpaka kwenye kichwa cha maiki.

Nnachofanya ni kitanzi. Chini kidogo ya klipu naukunja waya duara moja dogo, kiasi cha sarafu, nalibandika kwa plasta ya hospitali upande wa ndani wa nguo. Mtu akigeuka, mvuto unaishia pale. Lakini mlio wa nguo ni laini, fyuu fyuu. Hiyo krr yako sidhani kuwa ni nguo.

Fundi wa Mkunazini
Sikubaliani na kununua kabla ya kupima, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kila wiki naletewa maiki nzima zilizokwisha kutupwa kapuni.

Ndugu wa Malindi, umetaja mambo mawili ambayo yanatosha kuanzia. Mlio umeanza mkono uliponyooshwa, maana yake waya ulivutwa. Na maiki mpya haikuuponya, maana yake kwenye maiki hapana kitu. Sasa vaa hedifoni, washa transmita na risiva inayoipokea sauti, usiseme neno. Shika waya karibu na kichwa cha maiki, uupinde taratibu kwa vidole viwili. Shuka nao kidogo kidogo mpaka ufike kwenye jeki, ile ncha ya chuma inayochomekwa kwenye transmita. Hapo usiguse waya, izungushe jeki yenyewe ndani ya tundu lake. Pahala krr inapolia, pashike, usiendelee. Kisha ichomeke maiki hiyo hiyo kwenye transmita ya pili. Mlio ukiifuata maiki, ubovu uko kwenye waya. Ukibaki na transmita ya kwanza, ubovu uko kwenye tundu.

Nikwambie nilichokiona mimi. Aliniletea maiki kijana anayepiga video kwenye mashua za watalii. Ilikuwa inalia akigeuza shingo tu. Nikaifungua jeki: zile nyuzi nyembamba za shaba zinazouzunguka waya wa ndani, ambazo ndizo kinga yake, zimegeuka kijani kwa chumvi, na zilizobaki zimeshika ni tatu au nne. Mkono ukiugusa waya, inanguruma, ukiupinda, inakwaruza. Nikakata sentimita tatu, nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikalehemu jeki mpya. Maiki ile mpaka leo inafanya kazi. Kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari, waya hufa kwenye jeki kabla ya kufa pengine popote, kwa sababu pale ndipo unapopindwa na ndipo unyevu unapoingilia.

Jengine, tazama pete nyeusi za jeki yako. Maiki zilizotengenezewa simu zina pete tatu. Transmita nyingi zinataka jeki ya pete mbili. Ukichomeka ya simu utapata sauti hafifu, au mngurumo mtupu, ukadhani waya umekatika.

Shamba la Karafuu, Wete
Mimi nahoji wachumaji wa karafuu na kina mama wanaozianika majamvini. Tatizo langu lilikuwa waya mrefu. Nilikuwa nauzungushia transmita yote pamoja na antena yake, nafunga kwa mpira wa nywele, naona nimefanya unadhifu. Sauti ikawa inakatika na kutoa vishindo, hata mtu akiwa hatua kumi tu. Siku moja mpira ukakatika, antena ikaning'inia peke yake, na sauti ikatulia mpaka mwisho wa mahojiano. Tangu siku hiyo antena naiacha wima, waya uliobaki naukunja mbali nayo.

Kwa dada zangu: mtu akivaa baibui, msiibane maiki ndani ya kitambaa kinacholegea. Mimi hukunja plasta pembetatu mbili, gundi ikiwa nje, nikaiweka maiki katikati, nikaibandika kwenye ukingo wa mtandio. Kitambaa na maiki vinakwenda pamoja, havisuguani. Na muulizeni mwenyewe kwanza, au mpeni aibandike kwa mkono wake.

Chwaka Pwani
Simu je? Mzee alikuwa na simu ya batani mfuko wa kifuani, ikawa titi-titi-titi-dzzz kila baada ya muda. Sauti hiyo niliikata kwenye mahojiano matatu kabla sijatambua kuwa inatokana na simu. Sasa naomba simu ziwekwe mezani.

Mwana wa Makunduchi
Fundi, vipi kutofautisha kati ya waya na mawimbi? Nilirikodi Ngome Kongwe, risiva ikiwa nyuma ya ukuta, nikahangaika na waya saa nzima.

Fundi wa Mkunazini
Zile kuta nene za mawe zinazuia mawimbi, na mwili wa mtu nao unazuia. Ing'oe maiki kabisa, uiache transmita inawaka. Ikiendelea kulia au kukatika, hayo ni mawimbi, isogeze risiva mpaka ionane na transmita. Ikinyamaza, rudi kwenye waya.

Kamera ya Malindi
Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema fundi, usiku, nyumba imelala. Waya wote kimya. Nilipoizungusha jeki ndani ya tundu, krr. Maiki ya zamani, krr. Maiki mpya, krr. Transmita ya pili, zote mbili safi.

Fundi wa Mkunazini
Tundu hilo. Toa betri, pamba kidogo kwenye kijiti na spiriti, safisha. Usitie manukato wala mafuta ya cherehani. Ikibaki inalia, risasi ya kulehemu iliyolishika tundu kwenye saketi imepasuka. Niletee. Na kama jeki yako ina kola ya kukaza, ile pete ya kuizungusha ili jeki isichezecheze, ikaze kila mara. Isipokazwa, kila mvuto unaipiga ile risasi.

Kamera ya Malindi
Ilikuwa risasi. Nimeiona kwa lenzi ya fundi kabla hajailehemu upya: mpasuko wa duara kama unywele, kuizunguka pini moja. Na kola nilikuwa siikazi, nakiri. Jana nimemvisha mdogo wangu joho, kitanzi cha waya chini ya klipu, transmita mfukoni, nikamwambia anyooshe mkono kama anamshika walii, mara ishirini. Mimi na hedifoni masikioni. Kimya.

Na ile nikahi: nilimwendea bwana harusi nikamweleza ukweli. Ami yake alikuwa amekaa safu ya mbele, akirikodi kwa simu. Sauti ina mwangwi wa msikiti na kikohozi cha mtu, ila "nimekubali" inasikika neno zima. Nimeipanga juu ya picha yangu, na leo alasiri naipeleka kwa mama yake.