Nina siku tatu Burgundy na pombe sinywi, niende wapi?

Mpishi_Mlindi:
Assalam aleikum jamani. Mimi ni mpishi hapa Malindi, mwezi wa tisa bosi anatupeleka wawili Dijon, mji wa Burgundy huko Ufaransa, kwa kozi ya mapishi, viza nshapata alhamdulillahi. Kozi ikiisha ntabaki na siku tatu zangu mwenyewe na kila nnayemwambia anasema huko ndiko kwenye mashamba ya zabibu yenye waini ya bei ghali kuliko zote. Sasa mimi pombe sitii mdomoni. Lakini miaka tisa hizo chupa zapita mbele yangu, wageni wanazipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nami nataka kujua kuna nini huko. Mtu kama mimi ana cha kuona ama nirudi zangu Paris?

BintiMkomani:
Wa aleikum salaam kakangu. Usirudi Paris! Mimi wa Lamu, nlisoma Dijon miaka miwili, tone sikuonja na hakuna aliyenilazimisha. Siku ya kwanza panda treni uende Beaune, haifiki nusu saa. Uliza Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iloanzishwa 1443 na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Ukiingia uani tazama juu kwenye paa, vigae vyekundu, njano, kijani na kahawia vimepangwa kama mkeka wa ukindu, nlisimama pale mpaka shingo ikaniuma. Ndani ukumbi mrefu, vitanda pande mbili, kila kitanda na pazia lake jekundu. Wagonjwa walitibiwa hapo mpaka 1971.

Sasa sikiza lililonigusa. Watu walikuwa wakiacha mashamba yao ya mizabibu yawe ya hospitali, mapato yatibu wagonjwa, na tangu 1859 waini ya mashamba hayo yapigwa mnada kila mwaka, siku hizi ni Jumapili ya tatu ya Novemba. Nlipoelezwa nikasema huu si wakfu huu? Kama wazee wetu walivyoacha shamba la minazi liwe la msikiti, haliuzwi halirithiwi, mazao yake ndiyo yanunua mafuta ya taa na mikeka. Sikutegemea kuukuta kule.

mwana_wa_mgema:
Ndugu yangu Mlindi, babangu ni mgema huku Ganda, mimi nlifika huko nlipokwenda kumuona dadangu kaolewa Lyon, na ilikuwa msimu wa kuvuna. Mizabibu yenyewe mifupi, yakufika kiunoni, kwa hivyo wavunaji wameinama siku nzima na mkasi mkononi na ndoo chini, ukiwaona migongo yao utawahurumia. Nyekundu karibu yote ni zabibu aina moja, pinot noir, na nyeupe ni chardonnay, kwa hivyo jina la zabibu kwao si habari, habari ni kipande cha ardhi. Kila kipande kina jina lake na mpaka wake, wanaita climat, viko zaidi ya elfu moja, UNESCO waliviingiza kwenye urithi wa dunia 2015. Wengine watasema ni maneno ya kuuzia tu, mimi naamini, kwa sababu babangu akionja tembo anakwambia limetoka mnazi gani na kama kotama, kisu cha kugemea, ilichelewa asubuhi.

Nenda Clos de Vougeot. Shamba la ekari kama mia na ishirini limezungushiwa ukuta wa mawe, lilikuwa la watawa wa monasteri ya Cîteaux tangu karne ya 12, ndani bado kuna mashinikizo ya mbao ya zamani makubwa ajabu. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya, likauzwa, baadaye mauzo na mirathi vikalikata likakatika, leo lina wenyewe kama themanini, mwengine ana mistari michache tu ya miti. Ukuta mmoja. Sisi tunaogombania mashamba ya babu tunalijua hili vizuri.

UmmuSalma:
Kwa chakula jihadhari mwanangu, nyama yao ya ng'ombe mashuhuri, bœuf bourguignon, yapikwa kwa waini nyekundu, mayai ya meurette pia, na jambon persillé ni nguruwe. Kula gougères, viandazi vya jibini vyepesi, na pain d'épices ya Dijon, mkate wa asali na viungo, harufu yake itakukumbusha nyumbani. Lakini uliza kwanza kila kitu.

Mpishi_Mlindi:
Allah awabariki nyote, dadangu hilo la wakfu nimemsomea mamangu naye kaniambia nimpigie picha hivyo vitanda. Siku ya kwanza Beaune, ya pili Vougeot. Ya tatu nasikia kuna njia ya baiskeli katikati ya mashamba?

BintiMkomani:
Iko, kutoka Beaune unapita Pommard, Volnay, Meursault mpaka Santenay, kama kilomita 22, baiskeli wakodisha pale pale Beaune. Toka asubuhi na mapema. Na ukipita, okota jiwe moja uliangalie, ni chokaa ya bahari ya zamani sana, mengine yana makombe ndani, ni ndugu na haya matumbawe ya nyumba zetu.