Kikopo cheusi kwenye jenereta kina kazi gani?

Swali (Wete): Assalaam alaykum. Jenereta niliyoletewa kutoka Marekani ina kikopo cheusi kilichounganishwa na tangi kwa mpira mwembamba, na fundi anashauri kiondolewe. Je, kina faida?

Jibu: Wa alaykum salaam. Usikiondoe. Ndani mna mkaa maalumu unaonasa mvuke wa petroli tangi linapopata joto, na injini ikiwaka huuvuta mvuke huo ukaungua badala ya kupotea hewani. Kanuni za Marekani za mwaka 2008 zinadhibiti hata mvuke unaopenya kwenye kuta za tangi na mipira.

Jibu (Mkoani): Usijaze tangi hadi mdomoni, kwani petroli ikiingia kikoponi mkaa hulowa na hauwezi kunasa kitu.

Jibu: Kifuniko nacho kisibadilishwe kwa chenye tundu wazi, mvuke utatokea huko, na kikopo kitabaki pambo.