Tupeane uzoefu: ni lini "Kristo alinifia" ilikuingia, ikaacha kuwa maneno ya mimbari tu?

Mtu wa Shangani: Jana Ijumaa Kuu tumefanya Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, mvua inatumwagikia. Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, mama mmoja mbele yangu alilia kwelikweli. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu. Nikajiona mkavu. Wenzangu, kwenu iliingia lini?

Mkorosho Mkavu: Ngoja niseme, maana hili nimelibeba miaka.

Mimi ni wa Tandahimba. Mwaka mmoja mwezi wa tatu mtoto alilazwa, nyumbani hamna hata mia. Nikachukua hela ya kangomba. Wanaojua wanajua: unapewa kidogo masika, korosho zako zote zinaondoka msimu ukifika, kwa bei ya huruma yake yeye mkopeshaji. Nilitia sahihi karatasi bila kuisoma. Oktoba mavuno yakawa mabovu, hayakutosha. Jamaa akasema sasa analishika shamba lenyewe, mikorosho aliyoniachia marehemu mama.

Nikakimbilia Mtwara mjini. Nililala sokoni Chikongola kwenye meza za wauza dagaa, simu nimezima. Siku ya nne nikamwona mjomba amesimama mbele yangu. Hakunigombeza. Alikuwa na ile karatasi, imechanwa vipande viwili. Nikamuuliza umelipa na nini? Akasema twende ukale.

Niliambiwa na mkewe baadaye: aliuza boti yake na mashine yake, pale Mikindani. Mpaka leo anavua kwa boti ya mtu.

Pasaka iliyofuata likasomwa lile la Paulo kwa Wakolosai, kwamba hati yetu ya deni ilifutwa ikagongomewa msalabani. Nilitoka nje. Sikuweza kukaa.

Na mjomba ni Mwislamu, swala tano.

Bi Nachingwea: 😭 Mimi leo sipiki tena.

Askari wa Neno: Pole ndugu, ila mfano haufai. Asiyemkiri Kristo hawezi kuwa picha ya Kristo. Tusichanganye mambo.

Bi Nachingwea: Yule Msamaria alikuwa wa kanisa gani, baba?

Askari wa Neno: Usinipindishie maandiko mama yangu.

Mpwa wa Newala: Huku kwetu mtu ni wa mjomba wake. Deni la mpwa ni la mjomba, baba ni mgeni tu. Ndiyo maana kitabu cha Ruthu nilikielewa bila mhubiri: Boazi ni jamaa wa karibu mwenye haki ya kukomboa. Kristo kwangu ni mjomba, basi.

Mpenda Hoja: Swali langu la siku zote. Marko 10:45 inasema fidia ya wengi. Fidia alilipwa nani? Wa kale wengine walisema shetani. Anselm, mwanateolojia wa karne ya 11, akakataa: shetani hadai chochote, heshima iliyovunjwa ni ya Mungu. Mnasemaje?

Askari wa Neno: Elimu nyingi. Amini upone.

Mjukuu wa Masasi: Mpenda Hoja, bibi yangu alikujibu zamani. Masasi ile misheni ilianza 1876, Askofu Steere akaja na watu waliokuwa watumwa, kutoka Unguja. Wengi wao walitolewa kwenye majahazi baharini na manowari za Waingereza. Mwenye mali hakulipwa hata pesa moja, alinyang'anywa. Bibi akisema "tulikombolewa" alimaanisha hivyo. Gharama ilikuwepo, ila si kwa mwizi.

Mpenda Hoja: Aisee. Hiyo sijawahi kuisikia seminarini.

Salfa Mbili: Ushauri wa bure: kabla ya theolojia, pelekeni korosho chama cha msingi, ushirika wa wakulima unaouza mnadani, kangomba ife.

Mtu wa Shangani: Chama nacho kinachelewesha malipo, mtoto hangoji mnada.

Abu Lindi: Sisi hatuamini Isa alisulubiwa, mnajua. Lakini huyo mzee Mungu amlipe. Kesho nakuja kula pilau kwa jirani kama kawaida.

Bi Nachingwea: Karibu mwanangu, ila njoo na ndimu.

Mtu wa Shangani: Mkorosho, boti ya mjomba umeshaanza kuichangia?

Mkorosho Mkavu: Nilimpelekea hela msimu juzi. Alikataa. Akaniambia nipalilie mikorosho ya dada yake.

Askari wa Neno: Mjomba anakaa mtaa gani Mikindani? Nina mashine ya boti imekaa tu.