Mafundi kompyuta, acheni kuformati diski za watu bila kuwauliza!

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi, leo naitoa.

Kompyuta yetu ya nyumbani ilipata virusi vya shotikati (shortcut, ile ikoni ya njia ya mkato). Kijana wangu alikwenda steshenari kuchapa kazi ya shule, akarudi akachomeka flashi. Kesho yake tunachomeka diski ya nje, kila folda imegeuka shotikati yenye kamshale. Nikabeba vyote kwa fundi mmoja hapa mtaani. Nikamwambia kwa kinywa changu: humu mna picha za familia na video za marehemu baba akisimulia ukoo wetu. Akanijibu, "Usijali, bosi."

Jioni nikakuta Windows mpya na diski imefutwa. "Virusi vilishakula vyote, mzee, ikabidi niformati. Ila nimekuwekea muvi." Nikamlipa elfu 30, nikaondoka nimenywea.

Uongo! Virusi vya aina hii havikuwa vimekula kitu. Vinaficha folda, kisha vinaweka shotikati mahali pake ili ukibofya uviamshe. Faili zinabaki mle mle, na ukitazama nafasi iliyotumika kwenye diski unaona bado imejaa. Fundi alipaswa kutazama hilo kabla hajagusa chochote. Kompyuta ikishasafishwa, unafungua kile kidirisha cheusi cha amri, unaandika mstari mmoja, E ikiwa herufi ya diski yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mpwa wangu aliujaribu kwenye flashi ileile ya kijana, folda zote zikarudi mbele ya macho yangu. Wakuu, nililia. Ina maana siku ile napeleka diski, baba alikuwa humo ndani salama kabisa. Simu moja tu ingetosha. Na namba yangu fundi alikuwa nayo, aliiandika kwenye karatasi akaibandika juu ya kompyuta!

Hata baada ya kuformati bado kulikuwa na nafasi. Formati ya haraka inafuta orodha ya faili tu. Data zenyewe zinakaa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana zile muvi zinaniuma kuliko formati yenyewe. GB 40 za muvi ambazo sikuziomba, zimemwagwa juu ya sauti ya baba yangu.

Tulitumia PhotoRec, ni programu ya bure. Ilikesha ikichimbua, na kilichopatikana tukakiweka kwenye diski nyingine, maana ukihifadhi kwenye ileile unazidi kujifutia. Picha nyingi zimerudi, ingawa majina yamepotea, kila moja ni herufi f na namba. Video za baba zilikuwa 6. Inayofunguka ni 1.

Na kuna lingine. Windows aliyoniwekea ni ya kraki, yaani ya wizi isiyo na leseni, na ili kraki yake isikamatwe, aliiagiza Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, isikague diski C nzima, ile yenye Windows. Nimeikuta mwenyewe kwenye orodha ya vitu vilivyoruhusiwa kupita bila kukaguliwa. Nilimlipa aondoe virusi, akaniachia mlango wazi! Virusi vya STOP/Djvu, vile vinavyofunga mafaili kisha vinadai pesa (kwa miaka mingi vilidai dola 980, au 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72), vimewaingia watu wengi majumbani kwa kupitia kraki hizihizi. Kama kuna fundi amekupigia Windows karibuni, ingia kwenye mipangilio ya Defender leo uitazame hiyo orodha.

Nilirudi kwake Jumatatu. Akaniambia nilitaka kompyuta ifanye kazi, na inafanya kazi. Hata pole hakunipa.

Mafundi mliomo humu, mnajifunza wapi kwamba dawa ya kila kitu ni kuformati? Mteja akikwambia kuna vitu vyake ndani, kwa nini usivihamishe kwanza, au umwambie hujui akatafute mwingine? Nataka majibu ya kweli.

Na mwenye uzoefu wa kutengeneza video za MP4 zilizokatika naomba anisaidie. Zile 5 zimetoka vipandevipande na hazifunguki. Diski nimeifungia kabatini, hakuna kilichoandikwa tena juu yake.