Kigango nyuma ya kioo: nianzie wapi?

Kadzo_Ganze
Hamjambo wakuu. Mimi ni Mgiriama, niko Marekani mwaka wa tatu nasomea uuguzi. Juzi niliingia jumba moja la makumbusho, kusema kweli nilikuwa nakimbia baridi tu, sanaa haikuwa akilini. Chumba cha Afrika nikakutana uso kwa uso na kigango, ile nguzo ya mti tunayowachongea wazee wetu waliofariki. Kimesimamishwa kwenye chuma, taa inakimulika. Kichwa kile cha duara, pembetatu zimechongwa kifuani mpaka chini, wekundu umebaki ndani ya mikato tu. Mguuni kimekatwa kwa msumeno, tena mkato wa haraka uliokwenda upande. Kibandiko: "Nguzo ya ukumbusho, Kenya, karne ya 20". Jina hamna, mji (boma kilikotoka) hamna.

Nilishindwa hata kupiga picha. Nyumbani tulikuwa tukikatazwa kukimbia karibu na vya babu. Sasa nauliza: nikitaka kujua ni cha nani, naanzia wapi? Na mtu kama mimi, mwanafunzi tu, akiuliza atajibiwa?

Mzee_Karisa
Pole mwanangu. Kwanza niwaambie wanaopenda kuandika humu "sanamu za Wamijikenda" (ndio sisi, Wagiriama tukiwemo): si sanamu. Mtu wa kawaida huwekewa koma, kijiti kifupi. Kigango ni cha mgohu, mzee aliyeingia Gohu, chama cha wazee wenye heshima, kwa mali yake na akatambuliwa na wenzake. Wala hakiwekwi siku ya maziko. Mara nyingi ni mpaka marehemu aje ndotoni, au maradhi yauandame mji, na mganga aseme mzee anataka kukaa. Kikishachimbiwa hakihamishwi. Watu wakihama wanakiacha palepale, na hapo ndipo wezi walipopatia.

Lakini tusiwatwishe wageni peke yao. Kwetu, mwaka mmoja wa njaa, binamu yangu aling'oa kimoja usiku akampelekea mtu wa gari. Asubuhi ami alikuta shimo, na vile vitambaa kilivyovishwa vimetupwa kando. Tulijua sote. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka binamu alipofariki.

Stoo_ya_Nne
Dada Kadzo, kazi yangu ilikuwa kuorodhesha vitu vya makumbusho, kwa hiyo nisikilize: uliza bila woga. Kila kitu kina namba yake, aghalabu iko kwenye kibandiko kwa herufi ndogo. Inakili, kisha waandikie ukiomba historia ya umiliki: kiliingia mwaka gani, nani alikitoa. Nakala peleka Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kinachokwamisha ni jina. Viko mamia Marekani, na vingi havijulikani vilitoka mji gani. Vile viwili vya familia ya Mwakiru vilirudi nyumbani 2007 kwa sababu moja: mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga mzee Kalume Mwakiru picha akiwa navyo 1985, na haukupita muda vikaibwa. Miaka baadaye akakiona kimoja kwenye slaidi za mtafiti mwenzake, mkutanoni hukohuko Marekani. Bila picha ile, vingekuwa bado "nguzo, Kenya". Na hata mwenye nacho akikubali, usitarajie wiki mbili. Makumbusho ya Denver yaliamua 2014 kurudisha 30, vikachukua miaka kufika.

Kifaru_Mkavu
Samahanini, vikirudi vinakwenda wapi? Pale vilipokuwa pamelimwa mahindi, wajukuu wameokoka na wanaviita ushetani. Kwenye kioo angalau haviliwi na mchwa.

Mzee_Karisa
Ndugu Kifaru, la wajukuu ni kweli, wengine ni wa nyumba yangu. Lakini la mchwa hapana. Mchwa ni haki yake. Kikiliwa pale kilipochimbiwa, hakuna aliyekosea. Aliyekuambia kiliwekwa kidumu milele ni mwenye duka.

Kadzo, ukirudi tazama mgongo. Mbele mafundi walifuata mtindo mmoja, lakini nyuma huenda ukaona alama ya msumari au kamba ya waliokibeba. Na mkato huo wa mguuni, upime urefu wake. Ikiwa kuna mji umebaki na kisiki ardhini, vitajuana.

Kadzo_Ganze
Asanteni, na babu Karisa shikamoo. Sikuwahi kufikiria kisiki. Nilimpigia mama jana usiku, nikamweleza yote, namba, kibandiko, chuma kilichokishika. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza jambo moja tu: "Wamekivisha kitambaa?"

Nikamwambia hakina. Akasema basi, akabadili mazungumzo.

Ijumaa nina zamu ya usiku. Jumamosi nakwenda na futi ya fundi cherehani, nikimpata mlinzi mwenye roho nzuri anipitishe nyuma ya kioo.